Ukumbusho: Picha za Kale za Lubumbashi na Maneno Yanayozizunguka

Neno ukumbusho, ambalo wakazi wa Lubumbashi hulitumia kwa wepesi wanapoonyeshana picha za zamani, halitokani moja kwa moja na kitenzi kukumbuka. Linatokana na kukumbusha. Mwenye kukumbuka aweza kukaa peke yake na mawazo yake. Lakini pakiwa na kukumbushwa, basi yupo mwingine, au kipo kitu kingine, kinachomwamsha. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian waliligundua jambo hili walipoandika mwaka 1976 juu ya michoro ya rangi iliyokuwa ikiuzwa katika miji ya Shaba: wenye kuinunua na kuitundika sebuleni hawakuisifu kwanza kwa uzuri wake, bali kwa ule uwezo wake wa kuwakumbusha. Katika kurasa hizi chache tunakusudia kulihamisha wazo hilo kutoka kwenye mchoro hadi kwenye picha ya kamera, na kudai kwamba picha ya kale ya mji huu haijawa hati ya historia mpaka imekaliwa na kusemewa. Bila maneno ya wenyeji, hubaki ushahidi wa yule aliyeshika kamera, basi.

Na walioshika kamera hapo mwanzo hawakuwa wenyeji. Kamera ilifika Katanga kabla mji haujakuwapo. Msafara wa kisayansi wa Charles Lemaire, uliopita nchi hii kati ya mwaka 1898 na 1900, ulikuwa na mpiga picha wake, François Michel, pamoja na mchoraji, Léon Dardenne. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ikafika mwaka 1910, mwaka ule ule ulipoanzishwa mji wa Élisabethville. Na mwaka 1911 tanuri la Lubumbashi likaanza kuyeyusha shaba. Toka hapo kampuni ikawa na haja ya picha kama ilivyokuwa na haja ya makaa. Wafanyakazi wa kwanza wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini. Baadaye wakatafutwa Lomami, Kasai, na hata Ruanda-Urundi. Kuelekea mwaka 1928 kampuni ilishika siasa mpya ya kuwatuliza wafanyakazi: mkataba wa miaka mitatu, ruhusa ya kuja na mke, nyumba kambini, posho, zahanati, shule ya watoto. Picha za kampuni zilizofuata zafaa kusomwa katika mwanga wa siasa hiyo. Safu za nyumba zilizonyooka, mama aliyempakata mtoto mbele ya mizani, mafundi kando ya mashine: yote hayo yalikuwa kweli, nasi hatudai kwamba yalitungwa. Lakini yalichaguliwa. Na mara nyingi chini ya picha palionyeshwa kazi au kabila la mtu, si jina lake.

Albamu za namna hiyo hazikuwa na nafasi kwa tarehe 9 Desemba 1941. Siku hiyo askari waliwafyatulia risasi wafanyakazi waliogoma na kukusanyika katika kiwanja cha mpira cha Élisabethville. Makumi ya watu waliuawa, akiwamo msemaji wao Léonard Mpoyi. Sura ambayo wengi wetu tunayo ya siku ile imetoka kwa brashi, si kwa kamera. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, yaani miaka sita baada ya mauaji hayo, aliyachora katika mfululizo wake wa historia ya Zaire alioufanya mwaka 1973 na 1974. Hakuwa na picha ya kunakili. Alikuwa na masimulizi ya wazee. Tunaona hapo jinsi maneno yanavyoweza kuzaa taswira pale ambapo kamera imenyamaza.

Tusiseme, hata hivyo, kwamba watu wa mji walipigwa picha tu wasipige. Studio za mitaani ziliwapa nafasi ya kujionyesha walivyotaka: pazia lililochorwa nyuma, baiskeli au redio kando, saa ya mkononi imegeuzwa ili ionekane. Baada ya mwaka 1948, serikali ya kikoloni ilipoanza kutoa kadi ya sifa ya uraia kwa wale iliowaona wamestaarabika, suti na miwani katika picha havikuwa pambo tu, vilikuwa hoja. Mtu alikuwa akijibu swali ambalo ofisi ya mkoloni ilimwuliza kila siku. Mjukuu wake leo hucheka akiona ile suti iliyompwaya babu. Anapaswa kuelezwa kisa chake.

Hapa ndipo kazi ya mwanahistoria inapopata utamu, maana picha nyingi za nyumbani hazina tarehe. Wazee wa Lubumbashi wana mbinu zao za kuzipatia, nasi tumejifunza kwao zaidi kuliko vitabuni. Ikiwa picha imepigwa nje, mzee hutazama kwanza upande wa kiwanda: dohani ipo, lakini kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba kimefikia wapi? Kilikua mwaka hata mwaka kwa kadiri tanuri lilivyofanya kazi, na kwa hiyo ni kalenda. (Tangu miaka ya 2000 kilima hicho kinachakatwa upya kwa ajili ya kobalti iliyobaki ndani yake, kwa hiyo kalenda hiyo sasa inafutwa kwa kurudi nyuma.) Kisha hugeuza picha na kusoma mhuri wa studio. Ukisema Élisabethville, ni kabla ya mwaka 1966. Ukisema Lubumbashi, Shaba, ni kati ya mwaka 1971 na 1997, kwa sababu kabla na baada ya hapo mkoa uliitwa Katanga. Mtaa ukiitwa Albert, ni ule uliokuja kuitwa Kamalondo. Majina ya watu nayo yasaidia: palipoandikwa Joseph au Marie yaelekea ni kabla ya mwaka 1972, majina ya Kikristo yalipopigwa marufuku katika siasa ya uhalisi, ingawa wako waliondelea kuyaandika nyuma ya picha, mahali ambapo karani hakufika.

Mavazi husema zaidi. Tai shingoni ni kabla ya siasa hiyo au baada ya tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja na kuruhusu tai tena. Katikati yake ni miaka ya abakosti. Tumewahi kuona albamu ya familia moja ambamo baba huyo huyo amevaa tai, kisha abakosti, kisha tai tena, na mwili wake unavyopungua kutoka picha hadi picha. Binti yake aliifungua mbele yetu bila kusema neno juu ya siasa. Alisema tu: hapa baba alikuwa bado akipokea mshahara.

Sentensi hiyo yatufikisha kwenye jambo ambalo wasomi wamekuwa wakilijadili kwa wasiwasi. Picha za kambi za kampuni zinapoonyeshwa mbele ya wastaafu, mara nyingi hazileti hasira dhidi ya mkoloni, bali shauku. Wanakumbuka unga uliogawiwa, hospitali, mpira wa Jumapili. Mwanafunzi kijana aliyelelewa kwa historia ya ukombozi hushtuka, akadhani mzee amesahau. Hajasahau. Union Minière ilitaifishwa mwanzoni mwa mwaka 1967, ikaja kuitwa Gécamines. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990 na uzalishaji ukaanguka. Na mwaka 2003, katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, wafanyakazi 10,655 waliachishwa kazi. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alikwisha kuwaita watu hawa, katika jina la kitabu chake cha mwaka 2001, watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Kwa hiyo mzee anapoisifu kambi ya zamani anaishtaki hali iliyofuata, na picha ndiyo hati yake ya mashtaka. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, aliliweka jambo hilo wazi katika kazi yake ya mwaka 2006 iitwayo Mémoire: aliwatoa watu wa picha za kale za kampuni, akawasimamisha mbele ya viwanda vilivyokufa alivyovipiga mwenyewe. Watazamaji wa ng'ambo waliona sanaa. Mtu wa Lubumbashi huona pia jirani, hukaribia na kuuliza yule wa tatu kutoka kushoto ni mtoto wa nani.

Swali hilo la jina ndilo zito kuliko yote, nasi tungependa kulikazia. Timu ya Englebert iliyotwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mwaka 1967 na 1968 ina picha zake, na wapenzi wa mpira wanaweza kuwataja wachezaji mmoja mmoja. Lakini chukua picha ya timu ya kambi, au ya darasa la shule ya msingi. Majina hutajwa kwa furaha mpaka kidole kifike kwenye sura fulani, kisha sauti hupungua: huyu alikuwa Mkasai. Mwaka 1992 na 1993 watu wengi sana wenye asili ya Kasai, waliozaliwa hapa, ambao wengine baba zao nao walizaliwa hapa, walifukuzwa kutoka miji ya Katanga. Walilala siku nyingi katika vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi wakingoja treni, na wako waliofia hapo na njiani. Wenzao wa darasa wakabaki na picha. Kuna anayelitaja jina na kulia. Kuna anayesema hamjui, ilhali mkono wake katika picha uko begani mwa huyo asiyemjua. Mtafiti aandike yote mawili, kwa uaminifu ule ule. Ule ukimya nao ni maneno.

Chuo kikuu chetu kimeanza kazi hii zamani. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanzishwa mwaka 2000, uliwatafuta wakazi wenyewe ili wazungumze juu ya vitu vyao na maisha yao, na chama cha Picha kimeandaa maonyesho ya kimataifa mjini tangu mwaka 2008. Lakini bado tunakusanya picha haraka kuliko maneno yake. Kuzinakili kwa mashine sasa ni jambo la dakika. Kukaa saa mbili na mama wa miaka themanini juu ya picha moja, na kuyanasa maneno yake katika Kiswahili kile kile cha Lubumbashi anachosema, pasipo kukisahihisha ili kifanane na cha pwani, ni kazi ambayo wanafunzi wetu wachache huichagua. Msemo wake ukinyooshwa, nusu ya ushahidi imepotea: neno la kambini, tusi la msimamizi, jina la utani la daktari.

Tena mkusanyaji asiishie Kamalondo, Kenya na Katuba. Familia zilizopanda treni mwaka 1992 na 1993 zilibeba vitu vichache, na picha ni nyepesi. Sehemu ya albamu ya mji huu iko Mwene-Ditu, Mbujimayi na Kananga, katika nyumba za watu ambao watoto wao hawajaiona Lubumbashi. Wazee wanaoweza kutaja majina ya walio katika picha hizo wamegawanyika pande mbili za reli, na kila upande una nusu ya majina. Mwanafunzi atakayesafiri na nakala za picha za huku awaonyeshe wa kule, kisha arudi na za kule, akiandika kwa kalamu ya risasi nyuma ya kila nakala nani amesema nini na siku gani, atakuwa amefanya kazi ambayo hifadhi za Brussels haziwezi kutufanyia.