Jina Moja, Mabunge Mawili: Akina Awori wa Samia

Wahakiki wa tawasifu za Afrika Mashariki wamezoea kumfungia kila msimulizi ndani ya taifa lake. Jina la Awori linaupinga mpango huo. Mwaka 1902 mkoa wa mashariki wa Uganda ulihamishiwa himaya iliyokuja kuitwa Kenya, na Wasamia wakajikuta pande mbili za mpaka. Ndivyo wana wawili wa kasisi wa Kianglikana, Jeremiah Awori, walivyoingia mabunge mawili. Moody aliwakilisha Funyula, eneo lenye Nangina, akawa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 2003. Aggrey, aliyeiwakilisha Uganda katika mbio za viunzi kwenye Olimpiki za 1960 na 1964, aligombea urais huko mwaka 2001. Alifariki mwaka 2021. Dada yao Mary Okelo, mwanzilishi wa shule za Makini, humpotea mtafiti anayefuata ukoo kwa jina tu. Mwaka 2017 Moody alichapisha tawasifu, *Riding on a Tiger* (chui-milia, mnyama asiyeishi Samia wala Afrika!). Hiyo ingefaa kufundishwa Makerere pia, katika somo la fasihi ya Uganda.