Ofisi mbili, mfumo mmoja wa simu: Mambo ya kupanga kabla ya kununua vifaa

Mteja anapiga namba ya ofisi ya Dar es Salaam, kumbe anayemhitaji yuko tawi la Arusha. Mapokezi wanamtajia namba nyingine apige. Wapo wanaopiga, na wapo wanaoishia hapo hapo. Biashara inapotea kimyakimya.

Dawa yake ni simu zinazopita kwenye intaneti, maarufu kama VoIP. Mapokezi ya Dar wanabonyeza namba fupi, simu ya mteja inaita mezani Arusha. Matawi yakipigiana hakuna vocha wala dakika, kwa sababu sauti inapita kwenye intaneti ambayo ofisi inailipia tayari.

Mtambo ukae wapi?

Moyo wa mfumo ni mtambo wa kugawa simu, yaani PBX. Unaweza kuwa kifaa maalumu, au kompyuta yenye programu ya bure kama Asterisk, iliyoanzishwa mwaka 1999.

Hapa panahitaji umakini. Mtambo ukiwa Dar peke yake, siku umeme au intaneti ya Dar ikikatika, Arusha nao wanakuwa bubu. Njia ya kwanza ya kukwepa hilo ni kukodi seva kwenye kituo cha data. Ya pili ni kuweka mtambo kila ofisi, kisha kuiunganisha. Gharama inapanda, lakini tawi moja likizimika jingine linaendelea na kazi.

Namba za ndani

Dar zianze na 1, mfano 101, na Arusha zianze na 2, mfano 201. Mfanyakazi akiona namba tu anajua simu inatoka wapi.

Intaneti

Simu moja yenye sauti safi (mfumo wa G.711) hutumia karibu kilobiti 90 kwa sekunde kila upande. Simu 10 kwa wakati mmoja zinahitaji karibu megabiti 1 ya kupakia na megabiti 1 ya kupakua.

Kasi peke yake haitoshi. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili. Hivyo ruta ipangwe kuipa simu kipaumbele, la sivyo mtu mmoja akipakua video, sauti za wenzake zinakatikakatika.

Umeme

Simu ya zamani ya waya ilipata umeme kwenye laini yenyewe. Hii ya intaneti haina bahati hiyo. Suluhisho ni swichi inayopitisha umeme kwenye waya wa mtandao (PoE). Swichi, ruta na mtambo vikiwa kwenye UPS, umeme ukikatika simu zote zinabaki hewani mpaka chaji ya UPS iishe.

Wezi wa dakika

Kuna matapeli wanaotafuta mitambo iliyo wazi mtandaoni, wanabahatisha nywila, kisha wanapiga simu za nje ya nchi usiku au wikiendi. Bili inamwangukia mwenye ofisi.

Kinga ni hizi:

- Kila simu iwe na nywila yake ndefu.
- Ofisi mbili ziunganishwe kwa VPN.
- Simu za kimataifa zifungwe kwa wasiozihitaji.
- Kampuni ya simu iweke kikomo cha matumizi.

Jaribio la mwisho

Sauti ikisikika upande mmoja tu, cha kwanza kuangalia ni mipangilio ya ruta. Baada ya hapo, fundi achomoe intaneti ya Dar makusudi, halafu apige namba ya ofisi kama mteja. Simu inapaswa kuhamia kwenye simu ya mkononi. Uhamisho huo huwekwa upande wa kampuni ya simu, maana mtambo uliozimika hauwezi kuhamisha chochote.

Laini za zamani zisikatwe mpaka jaribio hilo lifaulu.