Cha Watu Huregeshwa: Habari ya Toroli la Dukani

Ndugu msomaji, katika vitabu vya fiqhi tulivyosoma chuoni kuna mlango mfupi ambao wanafunzi wengi huupita mbio. Ni mlango wa ariya, yaani vitu vya kuazimana. Hauna hesabu kama mirathi, wala hauna maswali mengi kama ndoa na talaka. Wasema tu kwamba mtu akipewa kitu cha mwenziwe akitumie bila ya malipo, basi akitumie kwa kazi aliyoruhusiwa. Akimaliza haja yake, ni juu yake yeye aliyeazima kukiregesha, na taabu na gharama ya kukiregesha ni zake yeye, si za mwenyewe. Hayo ndiyo tuliyosomeshwa katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi.

Leo nataka tuutazame mlango huu kwa kitu ambacho wanazuoni waliouandika hawakupata kukiona. Nacho ni toroli la dukani, lile kapu la waya lenye magurudumu manne ambalo mnunuzi hulisukuma ndani ya duka kubwa, kisha akalipeleka nje mpaka penye gari yake. Kitu hiki kina historia, na historia yake yatufunza jambo kuhusu sisi wanaadamu.

Zamani, katika Marekani kama katika mitaa yetu, mnunuzi alikuwa akisimama mbele ya meza ya duka na kutaja atakacho, na mwenye duka ndiye aliyekishusha, akakipima na kukifunga. Mwaka 1916 mtu mmoja aitwaye Clarence Saunders alifungua duka katika mji wa Memphis, alilolipa jina la Piggly Wiggly. Humo mnunuzi aliruhusiwa kupita mwenyewe baina ya rafu, akachukua atakacho kwa mkono wake, akalipa mlangoni. Likawa jambo geni, kisha likaenea. Lakini mnunuzi alikuwa na kapu la mkononi, na kapu lina uzito. Likijaa, mtu hukoma kununua, hata kama fedha bado anazo.

Jambo hili lilimshughulisha mfanyabiashara mwengine, Sylvan Goldman, aliyekuwa na maduka katika Oklahoma City. Yasimuliwa kwamba alikuwa ofisini mwake akitazama kiti cha kukunja, akawaza: lau miguu ya kiti hiki ingetiwa magurudumu, na juu yake pakawekwa kapu, mnunuzi angepumzika mkono. Akashauriana na fundi wake, Fred Young, wakaunda kigari cha kukunja chenye makapu mawili, moja juu na jengine chini. Mwaka 1937 akakitoa mbele ya wateja wake.

Basi sikiliza lililotokea. Watu walikataa! Vijana wa kiume waliona wakisukuma kigari wataonekana dhaifu, kama kwamba hawana nguvu za kubeba kapu. Wanawake walisema kwamba vigari vya watoto walivyokwisha sukuma vyawatosha. Wazee nao hawakutaka kuonekana kuwa hawajiwezi. Vigari vikakaa pale mlangoni, havina wa kuvigusa.

Goldman hakugombana na wateja wake. Aliwaajiri watu, wanaume na wanawake, vijana na wazee, wapite humo dukani wakisukuma vigari na kutia vitu kama wanunuzi wa kweli. Kisha akamweka mwanamke mlangoni, kila aingiaye amuoneshe kwamba wenziwe wote wanavitumia, mbona yeye hatumii? Haukupita muda mrefu, kila mtu akataka kigari. Lililowageuza ni macho yao kuwaona watu wengine wakifanya. Lishike jambo hili, ndugu msomaji, kwani tutalirudia.

Baadaye, mwaka 1946, Orla Watson wa Kansas City alibuni toroli ambalo ukuta wake wa nyuma wafunguka kwa ndani, hata toroli moja likaweza kuingia ndani ya jengine bila ya kukunjwa. Ndiyo hayo tuyaonayo mpaka leo, yamepangwa mlangoni kwa safu. Na katika miaka hiyo baada ya vita, Wamarekani wengi walikuwa wakienda dukani kwa gari, na maduka yakajengwa yakiwa na viwanja vikubwa vya kuegesha magari. Hapo ndipo toroli lilipotoka nje ya mlango, na hapo ndipo lilipozaliwa suala letu. Mtu amekwisha lipa, vitu amekwisha pakia, jua kali au mvua yanyesha, na toroli tupu liko mkononi mwake. Mlango wa duka uko mbali, na hapana mtu amtazamaye. Je, ataliregesha?

Wako walioregesha, na wako walioacha pale pale. Matoroli yakazagaa baina ya magari, mengine yakasukumwa na upepo yakakwaruza gari za watu, mengine yakachukuliwa majumbani, na mengine yakatupwa mitoni. Katika jimbo la California ikawa ni kosa la sheria kuliondoa toroli katika eneo la duka bila ya ruhusa ya mwenyewe. Katika baadhi ya maduka pakafukiwa waya chini ya ardhi kuzunguka uwanja, na toroli likivuka hapo gurudumu lake hujifunga lenyewe. Na katika miaka ya 1980 ikaenea Ulaya desturi ya sarafu. Matoroli hufungwa kwa mnyororo, moja kwa jengine. Mnunuzi hutia sarafu yake ndipo toroli likafunguka, na hatoipata mpaka aliregeshe katika safu. Ujerumani ilikuwa ni mark 1, na tangu mwaka 2002 ni euro 1. Maduka ya Aldi yaliyoko Marekani hutumia sarafu ya senti 25.

Sarafu imefanya kazi yake, hilo halina shaka. Lakini tujiulize, ni kitu gani kilichoregeshwa? Toroli limeregea. Kuaminiana hakukuregea. Mwenye duka alianza kwa kumwambia mgeni wake, "Chukua." Sasa amwambia, "Weka rahani kwanza." Nasi twajua katika fiqhi kwamba rahani ni mlango mwengine, si ule wa ariya. Watu wamehamishwa kutoka mlango wa wema na kutiwa katika mlango wa dhamana, na waliowahamisha ni wale wachache waliosema, "Liache hapo, wako wanaolipwa kuyakusanya."

Neno hili nimelisikia hata kwa wanafunzi wangu: "Sheikh, si yuko kijana ameajiriwa kazi hiyo?" Nikawajibu kwamba kijana yule ameajiriwa kuyatoa matoroli mahali yalipowekwa kwa taratibu na kuyapeleka mlangoni. Hakuajiriwa kwa ajili ya kuyasaka moja moja nyuma ya magari. Mwenye duka aliyejenga zizi la vyuma katikati ya uwanja amekwisha kubainisha mahali pa kuregeshea. Ukilifikisha toroli hapo umetimiza, wala hukulazimishwa kwenda mpaka mlangoni. Na mwenye udhuru ana udhuru wake. Mgonjwa, mzee asiyejiweza, au mama aliye na watoto wachanga asioweza kuwaacha peke yao ndani ya gari, hao hawalaumiwi. Tunaosema nao ni wazima wenye miguu miwili.

Na mimi niandikaye haya ni katika hao wazima. Mlango wa ariya nimeusomesha kwa zaidi ya miaka thelathini. Siku moja alasiri nilikwenda katika duka kubwa kununua vitu vya nyumbani. Jua lilikuwa kali, nami nina haraka ya kurudi. Nilipomaliza kupakia, nililisukuma toroli kidogo tu, likasimama kando ya gari iliyokuwa jirani yetu, nikaingia garini nikakaa. Tulipokuwa tukirudi nyuma kutoka, nikamwona mwanamke amembeba mtoto begani, na mkono wa pili una mfuko. Alikuwa ameuweka mfuko chini, akilisukuma toroli langu kwa mkono mmoja ili apate kuufungua mlango wa gari yake. Hakujua ni nani aliyeliweka pale, lakini mimi nalijua. Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani. Mimi siku ile sikuuondoa, bali niliuweka. Nilimwambia dereva asimame, nikateremka, lakini nilipofika mama yule alikuwa amekwisha jifanyia mwenyewe. Nililichukua toroli nikaliregesha, na njia nzima sikuwa na la kusema.

Tangu siku ile nimefahamu kwamba nilikuwa nikijidanganya niliposema hapana anionaye. Licha ya kuwa Mwenyezi Mungu aona, hata viumbe huona. Huenda hawakuoni wewe, lakini waliona toroli ulilolioacha. Wewe umekwenda zako, na toroli limebaki likisomesha kwa niaba yako.

Si maneno ya sheikh peke yake. Katika mji wa Groningen, huko Uholanzi, wataalamu wa chuo kikuu walifanya majaribio na kuyatangaza mwaka 2008. Katika maegesho ya magari ya duka moja kubwa waliweka vikaratasi kwenye vioo vya magari, na mahali hapo hapakuwa na pipa la taka. Kisha wakatazama kila mwenye gari atakifanyaje kikaratasi chake. Pale palipokuwa safi, na matoroli yote yameregeshwa, watu 30 katika kila 100 walikitupa chini. Kisha wataalamu wakayaacha matoroli manne ovyo pale pale, na mikono yake wakaipaka mafuta ili wanunuzi wasiyachukue. Basi waliotupa vikaratasi wakawa 58 katika kila 100. Mahali ni pale pale, na tangazo la kuwataka watu waregeshe matoroli lilikuwa limebandikwa. Lililobadilika ni matoroli manne tu. Hayakuwafunza watu kuacha matoroli peke yake, yaliwafunza kutojali.

Hapa ndipo turudi kwa Goldman na watu wake wa kuajiriwa. Yeye alijua mwaka 1937 kwamba watu hufuata watu. Aliwatumia watu kumi na wawili au zaidi au pungufu, Mungu ajua idadi yao, nao wakaitoa haya katika mioyo ya mji mzima. Mlango huo uko wazi pande zote mbili. Mmoja akiacha, anawaitoa wenziwe haya ya kuacha. Na mmoja akiregesha, anawafanya wenziwe waone haya kutoregesha. Hata pale penye sarafu nimesikia habari za watu ambao, wakimaliza, humpa toroli mgeni ajaye pamoja na sarafu yake ndani, wakakataa kulipwa. Tazama basi: rahani imewekwa ili kumlazimisha mtu, naye muungwana ameigeuza sadaka.

Ndugu zangu, toroli ni mfano tu, tena wa kitu kilichotoka mbali. Karibu nasi kuna kata ya birika la msikiti, ambayo mtu hutawadhia kisha akaiacha sakafuni. Kuna misahafu itolewayo katika kabati na kuachwa dirishani. Kuna mikeka na masufuria ya mtaa ambayo huazimwa kwa arusi ya fulani, na siku ya maziko ya fulani yakatafutwa nyumba kwa nyumba. Wazee wetu hawakuwa na mnyororo wala sarafu kwa vitu hivyo. Walikuwa na neno moja: muungwana ni vitendo. Wakisema neno hilo, mtoto alilipeleka sufuria kwa mwenyewe, tena limesuguliwa.

Tusingoje mpaka kata zetu za msikitini zifungwe kwa minyororo. Mara nyengine ukiwa na toroli tupu mkononi, na jua likikuchoma, ujue kwamba mlango ule mfupi wa fiqhi uko mbele yako, na kwamba nyuma yako yuko mtu ajaye, na macho yake yatasoma ulichokiacha.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kuregesha amana, ndogo kabla ya kubwa. Amin.