Saumu ya Mwezi na Saumu ya Jikoni



Dada yangu mdogo anaitwa Saumu, kwani alizaliwa mwezi wa Ramadhan. Ramadhan iliyopita alirudi kutoka shule analia. Wenzake wamempachika jina "Kitunguu". Nami, Allah anisamehe, nilicheka. Baadaye niliona haya, nikarudi kwa vitabu vyangu vya madrasa.

Kumbe haya ni maneno mawili, kila moja na asili yake. Saumu tunayofunga ni *sawm* ya Kiarabu, inaandikwa kwa swad. Saumu ya jikoni ni *thuum*, inaandikwa kwa thaa. Mwarabu hawezi kuyachanganya. Ni sisi Waswahili tulioyakutanisha: thaa ikageuka sini katika ndimi za wengi, basi maneno yakagongana. Lakini Mombasa bado utasikia watu wakisema kitunguu thomu, na hapo tofauti imehifadhika.

Majirani zetu Wasomali nao waliyachukua yote mawili. Kufunga wanaita *soon*, na kitunguu thomu ni *toon*. Kiebrania, ambacho ni ndugu wa Kiarabu, kina *tsom* kwa funga na *shum* kwa kitunguu. Hata Wakristo wa Kiorthodoksi wa Ethiopia, funga yao wanaiita *tsom*. Ukisoma aya ya 183 ya Suratul Baqara, kwamba funga ilifaradhishwa pia kwa waliokuwa kabla yetu, utaona neno lenyewe linatoa ushahidi.

Katika sura hiyo hiyo, aya ya 61, Bani Israil wanaomba vyakula vya ardhini, na kimojawapo ni *fuum*. Wafasiri wengine wamesema ni ngano, wengine wamesema ni thomu. Imepokewa kuwa Ibn Mas'ud (R.A.) aliisoma kwa thaa.

Lakini kilichonigusa zaidi ni Suratu Maryam, aya ya 26. Bibi Maryam (A.S.) aliweka nadhiri ya *sawm*, na makusudio yake hapo ni kunyamaza, asiseme na mtu. Kwa sababu asili ya neno si njaa, ni kujizuia. Waarabu wa zamani hata farasi aliyesimama kimya bila kula walimwita *saaim*.

Nilimweleza dada yangu haya yote baada ya kufuturu. Alifurahi sana kujua jina lake halina uhusiano wowote na kitunguu. Kisha akaniuliza: "Kwa hivyo kaka, ile siku uliponicheka, ulikuwa umefunga?"

Sikuwa na jibu.

Ndugu zangu, tumbo tunalifunga kuanzia alfajiri mpaka magharibi. Ulimi je? Allah (S.W.T.) atutakabalie saumu zetu, na atusamehe tuliyoyasema tukiwa ndani yake. Amin.