Tarakimu

Neno hili lenye asili ya Kiarabu hutaja alama tunazoandikia namba, yaani 0 hadi 9. Kumi na tatu ni namba moja, ila kwa kawaida tunaiandika kwa tarakimu mbili. Mwalimu wa mfumo wa binari hawezi kuipuuza tofauti hiyo, kwa kuwa kompyuta hutumia tarakimu 0 na 1 tu.

Nchini New Zealand, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Canterbury wameeneza somo hili bila kompyuta, kwa kadi tano zenye nukta 16, 8, 4, 2 na 1. Kadi iliyofunuliwa ni 1. Iliyofunikwa ni 0. Ukitaka kumi na tatu, funua 8, 4 na 1, uandike 01101. Kwa kadi hizo mtoto hufika hadi 31.

Hapo ndipo lugha inapodai uangalifu. Katika binari, 10 isomwe “moja, sifuri”, kamwe si “kumi”. Kumi ni jina la idadi, na idadi iliyoandikwa pale ni mbili. Walimu wetu washikilie usomaji huo tangu kipindi cha kwanza: mwanafunzi anayetenganisha tarakimu na idadi ameshaielewa nusu ya somo.