Ruzuku ya Mwanamichezo

Miaka michache iliyopita, mzee mmoja jirani yangu mjini Eldoret aliniletea barua kutoka chuo kikuu kimoja cha Marekani. Kijana wake alikuwa amepata nafasi ya kwenda kusoma na kukimbia. Nikamtafsiria harakaharaka: chuo kitampa kijana ufadhili wa masomo wa asilimia 60. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwalimu, huyu mfadhili ameanza wema wake, mbona anauachia njiani? Zile arobaini atalipa nani?"

Hapo nikajua nimetafsiri vibaya. Hesabu ilikuwa sahihi. Neno ndilo lililompotosha.

Ufadhili unatokana na fadhila, na fadhila ni wema. Mtu anakupa kwa hiari yake, nawe huna la kudai ila kushukuru. Ukimgeuka, utaambiwa fadhila za punda ni mateke. Kwa tajiri anayemlipia yatima karo, neno hilo limekaa mahali pake. Lakini wanachopewa wakimbiaji wetu kule si wema wa mtu, na hata kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vingi vya Marekani, hazikiiti hivyo. Jina lake rasmi humo ni grant-in-aid, na ukiulizia maana yake kwa Kiswahili, tunalo neno tayari: ruzuku.

Ruzuku ni ndugu wa riziki, lakini siku hizi tunaisikia zaidi kwenye mbolea na vyama vya siasa. Mkulima anayebeba gunia la mbolea ya ruzuku hampigii mtu magoti. Anajua bei imepunguzwa kiasi gani, nani anastahili, na mpango unakwisha lini. Kiasi, masharti na muda: hayo ndiyo aliyopaswa kuyasikia mzee yule kutoka kwangu siku ile ya kwanza.

Muda ndio unaoumiza wengi. NCAA iliruhusu mwaka 1956 mwanamichezo alipiwe masomo kwa sababu ya kipaji chake tu, hata kama kwao wana uwezo. Mwaka 1973 ikaamua ruzuku iwe ya mwaka mmoja mmoja. Kanuni hiyo ndiyo iliyokuwepo mkimbiaji wetu Henry Rono alipovunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Washington State, na Suleiman Nyambui wa Tanzania alipotwaa ubingwa wa vyuo wa mita 10,000 miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, akikiwakilisha Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso. Ruzuku ya miaka mingi ilirudi kuruhusiwa mwaka 2012. Mwaka 2015 vyuo vya ligi tano kubwa vikajifunga kutomnyima mtu ruzuku kwa sababu tu kiwango chake uwanjani kimeshuka. Mfadhili hawekewi kanuni ya namna hiyo.

Sasa zile asilimia arobaini. Kwa miongo mingi kanuni za daraja la kwanza zilikuwa na ruzuku za namna mbili, na hapa Kiswahili kinahitaji maneno mawili. Kulikuwa na ninayoiita ruzuku nzima: kila aliyeipata alihesabiwa kichwa kimoja, awe amepewa kubwa au ndogo, kwa hiyo chuo kilimpa yote. Timu kubwa za futiboli ya Kimarekani zilikuwa na vichwa 85. Na kulikuwa na ruzuku ya mafungu, ambayo ndiyo iliyokuwa ya riadha. Kikosi cha wanaume cha riadha na mbio za nyika kiliruhusiwa jumla ya ruzuku 12.6; cha wanawake, 18. Kocha alikuwa na wakimbiaji wa mbio fupi, wa mbio ndefu, warukaji, warusha tufe na mkuki, pengine watu thelathini na zaidi, na mkate ulikuwa huo mmoja. Aliukata. Kijana wa mzee alikatiwa sitini. Arobaini zake pengine zilikuwa kwenye sahani ya mrusha mkuki. Hakuna aliyeacha wema njiani.

Wapo rafiki zangu wanaotaka tuseme ujira. Hoja yao ina uzito: mwanamichezo anawekewa kikomo cha saa 20 za mazoezi na mashindano kwa wiki wakati wa msimu, na mwenye kupewa fadhila hahesabiwi saa. Hata hivyo nashikilia ruzuku, na tangu Juni 2025 nashikilia kwa nguvu zaidi. Mwezi huo mahakama ya Marekani iliidhinisha mapatano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo fedha mkononi, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Vyuo vilivyojiunga na mpango huo havifungwi tena na 12.6 wala 85. Kinachowekewa mpaka ni idadi ya watu kikosini. Kwa hiyo sasa kuna ruzuku, na pembeni yake kuna malipo. Kijana wa Iten au Mbulu aliye kule kwa viza ya mwanafunzi amebanwa sana kuhusu kazi za kulipwa. Ruzuku anaipokea bila shida, lakini hayo malipo yanaweza kumtia matatani. Tukiviita vyote ufadhili, au vyote ujira, tunamficha jambo analolihitaji kabla hajatia sahihi.

Nilimwita mzee, nikamsomea upya: "Ruzuku ya mbio, ya mafungu, sehemu sita kati ya kumi, ya mwaka mmoja." Akataka kujua mwaka ukiisha itakuwaje. Nikamwambia chuo kinatakiwa kumjulisha kijana ifikapo tarehe 1 Julai kama kinaiendeleza, na kikikataa, ana haki ya kusikilizwa na watu wasio wa idara ya michezo. Akaomba kalamu. Chini ya sahihi ya kocha akaandika kwa herufi kubwa: TAREHE MOJA MWEZI WA SABA. Kisha akaanza kupiga hesabu ya magunia ya mahindi kwa zile arobaini.