Elimu ya Juu ya Kongo Ilianzia Ziwani

Muulize mwanafunzi yeyote wa Kongo chuo kikuu chetu cha kwanza ni kipi, atakujibu: Lovanium, Léopoldville (Kinshasa ya leo), mwaka 1954. Kwa upande wa hati na jina, hajakosea. Lakini tarehe hiyo imeacha nje karibu nusu karne ya masomo yaliyofanyika huku kwetu, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, na naona ni wajibu wetu sisi wa Kalemie na Moba kuirudisha mahali pake. Mwaka 1905, Kinshasa ikiwa bado haina hata shule ya sekondari ya kujivunia, kijana Mtabwa kutoka milima ya Marungu alianza masomo ya seminari kuu Baudouinville, mji tunaouita leo Moba. Akaendelea na falsafa na teolojia hadi mwaka 1917. Jina lake Stefano Kaoze.

Wapo watakaosema seminari si chuo kikuu. Basi tutazame vile vinavyoitwa vyuo vikuu vikongwe kuliko vyote duniani vilianzaje. Al-Qarawiyyin ya Fez, nchini Moroko, ni msikiti ambao mapokeo yanasema ulijengwa mwaka 859 na mwanamke, Fatima al-Fihri, binti wa mfanyabiashara aliyehamia kutoka Kairouan. Al-Azhar ya Cairo nayo ni msikiti wa Wafatimi, ulioanza kujengwa mwaka 970. Madarasa yalifuata baadaye, watu wakikaa chini kuzunguka nguzo na mwalimu wao. Paris ilichipuka kutoka shule ya kanisa kuu la Notre-Dame. Oxford hakuna anayejua ilianza siku gani. Kinachojulikana ni kwamba masomo yalikuwapo mwaka 1096, na kwamba yalikua haraka baada ya mwaka 1167, mfalme Henry II alipowazuia Waingereza kwenda kusoma Paris. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichozaliwa na jina lake kamili mkononi. Kwanza alikuwapo mwalimu, wakaja wanafunzi waliokubali kukaa naye miaka, ukafuata utaratibu wa kupima nani ameiva hata naye aruhusiwe kufundisha. Mihuri ya mapapa na wafalme ilikuja ikikuta kazi inaendelea.

Bologna ndiyo inayonipa ujasiri zaidi. Inajitangaza kuwa na umri tangu 1088, lakini mwaka huo ulichaguliwa katika karne ya 19 na kamati iliyoongozwa na mshairi Giosuè Carducci, ili sherehe za miaka 800 zifanyike mwaka 1888. Waliketi wasomi wakaamua pa kuanzia kuhesabu. Leuven ya Ubelgiji, mama wa Lovanium, iliasisiwa mwaka 1425. Wafaransa wakaifunga mwaka 1797, ikafunguliwa upya miaka ya 1830 kwa utaratibu mwingine kabisa, na hata hivyo inahesabu tangu 1425 bila haya. Kama wao wanaweza kuchagua mwanzo wao kwa kufuata masomo yalianza lini, hakuna sababu sisi tubaki tumefungwa na hati ya 1954.

Kalemie yenyewe ni mji mchanga. Ngome ya Albertville, jina lake la zamani, iliwekwa na Kapteni Jacques mwisho wa mwaka 1891, na mji ulipata uhai reli ya kutoka Kabalo ilipofika ziwani mwaka 1915. Lakini pwani hii ilikuwa na watu wenye kuandika na kusoma kabla ya hapo. Mtowa, kaskazini kidogo ya mahali mto Lukuga unapotoka ziwani, palikuwa mlango wa misafara: waliovuka kutoka Ujiji walishukia hapo wakielekea Kasongo na Nyangwe. Kiswahili kilivuka nao, na Uislamu pia, na pamoja nao wakaja wenye kusoma Kurani. Mwaka 1879 Waingereza wa London Missionary Society nao walijenga kituo Mtowa, kwa Waguha, lakini hakikudumu.

Kilichodumu ni Mpala, na mwanzo wake ni mchungu. Mwezi Mei mwaka 1883 Luteni Émile Storms, Mbelgiji aliyetumwa na Shirika la Kimataifa la Afrika la Mfalme Leopold II, alivuka ziwa kutoka Karema, akajenga ngome karibu na mlango wa mto Lufuko, kwenye nchi ya chifu Mpala. Mwaka uliofuata, mwezi Desemba, watu wake walimuua chifu Lusinga na kumkata kichwa. Storms alilichukua fuvu hilo hadi Ubelgiji, nalo likawekwa Brussels kama kitu cha kupimwa na wanasayansi. Sanamu ya ukoo wa Lusinga iko katika jumba la makumbusho la Tervuren. Siwezi kuandika historia ya elimu ya hapa na kuruka jambo hili. Kuta ambazo ndani yake watoto wa Marungu walikuja kufundishwa Kilatini zilikuwa zimejengwa na mtu huyohuyo, mwaka mmoja na nusu hivi kabla ya damu hiyo. Mwaka 1885 Storms aliitwa nyumbani, na ngome ikakabidhiwa Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie.

Mapadre walikuta nchi iliyochakazwa na biashara ya watumwa. Mwaka 1887 alifika Mpala Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, akaunda jeshi dogo la kuilinda misheni. Aliyekuja kuchoma misheni akipigwa, mateka wake walibaki misheni. Watoto wengi wa shule za kwanza walitoka humo: yatima, waliokombolewa kwa nguo na shanga, waliotenganishwa na jamaa zao wakiwa hawajui hata kurudi ni njia gani. Joubert mwenyewe alioa hapahapa, akazeeka hapahapa, akafa mwaka 1927 karibu na Moba.

Na sasa kuna uzi ambao wengi hawaujui, unaoiunganisha pwani hii moja kwa moja na chuo kikuu cha zamani. Mwaka 1881 Lavigerie alifungua nyumba katika kisiwa cha Malta kwa ajili ya vijana Waafrika waliokombolewa utumwani, ili wasomee uganga katika Chuo Kikuu cha Malta, ambacho mizizi yake ni koleji ya Wajesuiti ya mwaka 1592. Mmoja wao alikuwa Adrien Atiman. Alizaliwa karibu mwaka 1866 kando ya mto Niger, jirani na Timbuktu, mji ambao katika karne ya 15 na ya 16 msikiti wake wa Sankore ulivuta wanachuoni kutoka ng'ambo ya jangwa. Akaibwa akiwa mtoto, akavushwa Sahara, mapadre wakamnunua Algeria. Kutoka Malta alitumwa kwetu mwaka 1888, mwaka uleule Bologna ilipokuwa ikisherehekea miaka yake 800. Mwaka 1889 alifika Karema, ng'ambo yetu, upande ambao leo ni Tanzania, akatibu watu hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 ya kazi. Mwafrika aliyepita chuo kikuu cha Ulaya alikuwa akipasua majipu na kufunga mifupa kwenye ufuko wa Tanganyika wakati serikali ya kikoloni ikijadiliana kama Mwafrika anaweza kufundishwa zaidi ya kusoma na kuandika.

Mwaka 1893 Padre Victor Roelens, Mbelgiji, alianzisha misheni ya Baudouinville huko Kirungu, juu ya ziwa. Miaka miwili baadaye akapewa vikariati yote ya Kongo ya Juu, akawa askofu. Alikuwa mtu mkali, mwenye amri, na maandishi yake kuhusu Waafrika yana maneno ambayo leo yanachoma. Lakini jambo moja aliliamini kwa ukaidi: kwamba lazima wapatikane mapadre wa hapahapa. Kuelekea mwisho wa karne ya 19 Mpala ikapata shule ya Kilatini. Watoto walisikiliza maelezo kwa Kiswahili, wakanyambua vitenzi vya Warumi. Kaoze alikuwa miongoni mwao, mtoto aliyezaliwa karibu mwaka 1886. Wengi walioanza naye waliacha njiani, na asiyefahamu kwa nini afikirie tu ugumu wake: miaka ya kusoma lugha ambayo hakuna mtu wa ukoo wako aliyeisikia, kwa ajili ya daraja ambalo hakuna mtu wa rangi yako nchini aliyelishika, huku nyumbani wakikungojea uoe.

Seminari kuu ilimchukua Kaoze tangu mwaka 1905. Mtaala ulikuwa uleule wa seminari za Ulaya: falsafa kwanza, kisha teolojia, kwa Kilatini, pamoja na vipindi vya majaribio ya kazi. Akiwa bado mwanafunzi aliandika kwa Kifaransa insha ndefu, La psychologie des Bantus, ambayo ilianza kuchapishwa mwaka 1910 katika jarida La Revue congolaise huko Ubelgiji. Wataalamu wa fasihi ya Kongo wanaihesabu kuwa maandishi ya kwanza ya Mkongomani kuchapishwa kwa Kifaransa. Nataka tulipime jambo hilo vizuri. Wazungu walikuwa wakiandika vitabu juu ya akili ya mtu mweusi, na katikati yao akasimama mwanafunzi wa Marungu akaeleza mwenyewe watu wake wanafikiri vipi, wanatenganisha vipi wema na ubaya, wanamjua vipi Mungu. Ndani ya insha hiyo kuna kurasa ambazo amekopa macho ya walimu wake, ndiyo, na msomaji wa leo atakwaruzika. Lakini mtu anayechunguza jamii yake, anayepanga hoja na kuzitoa mbele ya wasomi wa nchi nyingine wazihukumu, anafanya kazi ya chuo kikuu, awe amekaa Leuven au Kirungu.

Tarehe 21 Julai 1917 Roelens alimpa upadre. Uganda ilikuwa imetangulia mwaka 1913 kwa Bazilio Lumu na Victor Mukasa. Rwanda ilifuata miezi michache baada ya Kaoze. Kwa upande wa Kongo ya Wabelgiji yeye alikuwa wa kwanza, ingawa ufalme wa Kongo ulikuwa umemtoa Henrique, mwana wa Mfalme Afonso, aliyesomea Ureno na kufanywa askofu mwaka 1518. Kaoze alizuru Ulaya pamoja na askofu wake mwaka 1920, akakusanya historia na desturi za Watabwa, na miaka ya 1940 akaitwa kwenye mabaraza ya serikali kuwasemea Waafrika. Alifariki mwaka 1951, miaka 3 kabla ya Lovanium kufungua milango.

Hapo ndipo hesabu rasmi inapoanza, na hapo ndipo ilipopindishwa. Inasemwa kila mara kwamba Kongo ilipata uhuru mwaka 1960 ikiwa na wahitimu wa chuo kikuu wasiofika 20. Thomas Kanza, mlei wa kwanza kupata shahada, alimaliza Leuven mwaka 1956 tu. Hesabu hiyo inawaonyesha Wabelgiji walivyotunyima, na ni vizuri irudiwe. Lakini wakati huohuo nchi ilikuwa na mapadre Wakongomani mamia kadhaa, na kila mmoja alikuwa amepita miaka ya falsafa na teolojia baada ya sekondari. Hawakuhesabiwa, kwa sababu serikali ilihesabu vyeti vilivyotolewa na taasisi ilizozitambua yenyewe. Tukirudia hesabu hiyo bila kuisahihisha tunamaliza kazi ya mkoloni kwa mikono yetu.

Yaliyofuata yanajulikana. Chuo Kikuu cha Élisabethville kilikuja katikati ya miaka ya 1950, cha Stanleyville mwaka 1963. Mwaka 1971 Mobutu akaviunganisha vyote kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, UNAZA, na mwaka 1981 vikatenganishwa tena: Kinshasa, Kisangani, Lubumbashi. Kutoka Lubumbashi ndiko lilikotoka tawi lililozaa Chuo Kikuu cha Kalemie, UNIKAL. Mwanafunzi wa Kalemie ambaye zamani alilazimika kupanda treni kupitia Kabalo na Kamina, akikaa njiani siku zisizojulikana idadi, leo analipia minervali, ada ya masomo, nyumbani. Taabu zipo. Kama vyuo vingi vya majimboni, UNIKAL inategemea maprofesa wageni wanaokuja, wanamwaga somo zima kwa wiki chache, wanapanda ndege kurudi kwao. Bologna ya zama za kati nayo ilikuwa na taabu zake za walimu: wanafunzi walichanga ujira wao na kumtoza faini aliyechelewa darasani.

Kinachokosekana ni kumbukumbu kuwa karibu na wenyewe. Shajara za misheni za Mapadre Weupe zimehifadhiwa Roma. Karatasi za Storms ziko Tervuren. Insha ya Kaoze inasomwa katika semina za vyuo vya Ulaya, na kijana wa Kirungu anaweza kumaliza shahada ya historia bila kuishika mkononi. Siku hizi nakala za picha hazina gharama kubwa, na dayosisi ya Kalemie-Kirungu pamoja na kitivo cha UNIKAL vinaweza kuziomba. Ombi la kwanza liwe la shajara ya Mpala kuanzia mwaka 1885, pamoja na majina ya watoto wa shule ya Kilatini, wale wote walioanza na Kaoze na ambao ukoo wao labda bado uko Lufuko.